Fundi wa ukuta mwambie asubiri

Unguja, mwanzoni mwa Machi

Shoga yangu,

Salamu sana, na pole. Picha ulizonitumia nimezitazama tangu jana usiku. Ule mnazi wa kona, ambao marehemu baba yako alikuwa akiutundikia nyavu, mizizi yote iko nje, na chini yake mchanga umekatika wima kama mkate uliopitishwa kisu. Unasema bamvua iliyopita, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yalifika hadi kwenye mafiga ya jiko la nje, na kaka ameshaleta fundi kupiga hesabu ya mawe na saruji. Unaniuliza: si ndiyo kazi yako hii, tujenge au tusijenge?

Kwa leo nasema fundi asubiri. Bado hatujui kama mchanga wenu umepotea au umesafiri tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Ngoja nikueleze ninachokiona huku. Kila bamvua, maji yakishatoka, nashuka ufukweni na fimbo mbili za urefu sawa, zimechorwa sentimita toka juu hadi chini na kuunganishwa kwa kamba ya mita 2. Msaidizi wangu anatangulia na moja kuelekea majini, mimi nabaki nyuma na nyingine. Nafumba jicho moja, nateremsha kichwa mpaka ncha ya fimbo yake iguse upeo wa macho, pale ambapo bahari na mbingu vinakutana. Mstari huo unapokata fimbo yangu ndipo ninaposoma, na tofauti toka juu ndiyo kiasi mchanga ulivyoshuka katika zile mita 2. Tunakwenda hivyo hatua kwa hatua hadi maji ya magoti. Njia hii aliiandika Mmarekani aitwaye K. O. Emery mwaka 1961, na mpaka leo sijaona ya rahisi kuishinda. Upeo wa macho hauhitaji betri.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Novemba nilipigilia kigingi pale, kikazama mchangani chote. Wiki iliyopita kigingi hicho hicho kinanifika gotini. Ukikiangalia peke yake utalia. Lakini tembea kusini kidogo, kwenye kibanda cha wavuvi: kizingiti kilichokuwa juu, leo mchanga umelingana nacho. Ndio ule ule. Kaskazi nzima mawimbi yamekuja kutoka kaskazini-mashariki, na wimbi likija kwa mshazari hupandisha chembe kwa mshazari, kisha maji yanarudi moja kwa moja kufuata mteremko. Kila wimbi chembe imehama kidogo, na mawimbi ni maelfu kwa siku. Kusi ikianza kuvuma, safari inageuka. Picha zako umezipiga mwisho wa kaskazi, wakati wa bamvua. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuuhukumu ufuo kama wenu.

Sikwambii usiogope. Bahari inapanda kweli, sasa kwa wastani wa dunia ni zaidi ya milimita 3 kwa mwaka. Na Maziwe, hapo baharini mbele ya kwenu Pangani, unaiona kila siku ukikaa barazani. Wazee wetu walikijua kikiwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ikakatwa, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa hakipo tena, limebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa bado wanakwenda kutaga pale pale, na mayai inabidi yahamishiwe Ushongo yasije yakafa maji. Watu bado wanabishana ni miti tu au na bahari kupanda. Mimi naona mchanga uliopoteza mizizi hauna wa kuutetea.

Kwa hiyo nataka kujua mchanga wenu unatoka wapi. Sehemu ni ya Mto Pangani, na mabwawa kule juu, tangu Nyumba ya Mungu miaka ya 1960, yanazuia tope na mchanga visishuke. Sehemu nyingine inatoka mwambani, matumbawe na konokono waliosagika, na pono naye anayeng'ata tumbawe na kulitoa likiwa mchanga. Mwamba ukiuawa, hapana mpishi. Je, kuna malori yanayochota mchanga ufukweni au kijitoni karibu nanyi? Niambie bila kumficha mtu.

Kuhusu ukuta wenyewe. Wimbi likipanda ufuo wa mteremko linachoka njiani. Likikuta ukuta linarudi na nguvu zake na kuchimba pale mguuni. Ardhi ya nyuma inaweza kusalimika, lakini ufuo wa mbele unazidi kuwa mwembamba, mpaka maji yakijaa hakuna pa kuvutia ngalawa wala kasa kupandia. Na kwenye ncha za ukuta mawimbi yanajipinda na kula kwa jirani. Bi mkubwa wa upande wa pili hana saruji. Pangani mjini, au pale Barabara ya Barack Obama Dar, wamejenga ukuta na mimi siupingi, kwa sababu nyuma yake hakuna pa kurudi. Nyinyi mnapo. Jiko la makuti linahamishwa kwa siku moja.

Makondakta wa Dar wanaita “Africana!” kila siku. Hilo ni jina la hoteli iliyokuwa ufukweni, bahari ikaila ardhi yake hadi ikaachwa. Vijito vya upande ule vimechimbwa mchanga miaka mingi, na mahoteli yalipojenga kuta za mawe kuingia baharini, mchanga ulinaswa upande mmoja, upande wa pili ukakonda.

Nakuomba hivi. Mkungu ule mkubwa upo bado? Pigilia msumari kwenye shina lake, na kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu pima kwa futi kamba toka msumari hadi pale majani yanapoishia. Andika tarehe. Piga picha ukiwa umesimama pale pale. Mlakasa, ule unaotambaa wenye maua ya zambarau, usikubali ung'olewe hata kidogo, na mwani unaoletwa na maji usifagiwe. Ukipata nafasi panda mivinje nyuma ya ukingo.

Nakuja baada ya kusi kushika, Juni inshallah, na fimbo zangu. Tukikuta mchanga umerudi, kaka atanunua bati la jiko kwa hela ya saruji. Tukikuta haujarudi, tutakaa na bi mkubwa na majirani wote kabla ya jiwe la kwanza. Mnazi wa kona usiukate. Hata ukianguka, uache ulale hapo hapo.

Mama msalimie, na watoto.

Ni mimi shoga yako