Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Anayekiri kosa la tiba alindwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: ULINZI KWA MTUMISHI ANAYETOA TAARIFA YA KOSA LA TIBA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa ganzi na usingizi, na kwa miaka 19 nimefanya kazi katika vyumba vya upasuaji vya hospitali za wilaya. Usiku mmoja, nikiwa zamu ya pili mfululizo, nilimwandaa mama aliyekuwa akienda kujifungua kwa upasuaji. Kwenye trei yangu palikuwa na ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya bupivakaini, ambayo huchomwa mgongoni ili mama afe ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, na ampuli ya asidi ya traneksamiki, ambayo hupitishwa kwenye mshipa wa damu kuzuia mama asivuje damu nyingi. Zote mbili zilikuwa na umbo moja na maandishi madogo. Nilikuwa nimekwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano, mwenzangu aliponiomba nimsomee jina lililo kwenye ampuli tupu. Nilipolisoma, mikono iliniisha nguvu, kwani ilikuwa ile isiyotakiwa kabisa kufika mgongoni.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu mkanganyiko huo huo, likieleza kwamba asidi ya traneksamiki ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, na kwamba karibu nusu ya waliopatwa na kosa hilo hufariki. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kuutekeleza: dawa hiyo isihifadhiwe pamoja na dawa za ganzi.

Mama yule alijifungua salama, nami sikuandika neno lolote katika kitabu cha taarifa. Miezi michache kabla yake mwenzetu mmoja alikuwa amekiri kosa la kipimo cha dawa, akasimamishwa kazi kabla hata hajasikilizwa, na somo hilo sote tulilielewa. Asubuhi yake ampuli zilikuwa bado kwenye rafu ileile, zikimsubiri wa zamu inayofuata. Ukimya wangu unanisumbua hadi leo, kwa kuwa niliokoa ajira yangu nikaiacha hatari mahali pake.

Mheshimiwa Waziri, Watanzania hawajasahau Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilipobadilisha wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana, aliyehitaji upasuaji wa goti akafunguliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018 Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi nayo ilimpasua kichwa mgonjwa asiyehusika, na madaktari walilitambua hilo walipokuwa ndani ya upasuaji na kukosa damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Kote kuwili watumishi walisimamishwa kazi. Sipingi uwajibikaji huo, ila mtu akiondolewa, utaratibu uliomruhusu mgonjwa kupita mikono mingi bila kuulizwa jina lake kamili hubaki ulivyokuwa.

Dawa yake tunayo, na Tanzania ilishiriki kuijaribu. Ile orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, ambayo timu husimama kuisoma kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka, ilipimwa katika miji minane duniani, Ifakara ikiwa mmojawapo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa, kwa hospitali zote kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Inaniuma kusema kwamba nimeshuhudia fomu hiyo ikijazwa alama za vema mgonjwa akiwa amekwisha kurudishwa wodini.

Kuhusu mashauri ya madai, familia nyingi nilizozungumza nazo hazikuanza kwa kutaka fedha. Zilitaka kuambiwa kilichotokea, zikaambiwa waje kesho, kisha faili halionekani, na hapo ndipo wakili alipotafutwa na notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki ikapelekwa Serikalini.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, Wizara ilete bungeni kifungu cha sheria kitakachomlinda mtumishi anayetoa taarifa ya kosa, au ya kosa lililogunduliwa kabla halijamfikia mgonjwa, ndani ya saa 24, ili taarifa hiyo isitumike kumwadhibu. Ulinzi huo usimfikie aliyefanya kazi akiwa amelewa, aliyedhuru kwa makusudi au aliyefuta maandishi kwenye faili. Hao Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga waendelee kuwashughulikia. Kifungu hicho pia kiilazimu hospitali kukaa na familia na kuieleza ukweli mapema, kwa lugha inayoeleweka, mganga mfawidhi mwenyewe akiwapo.

Sheria itachukua muda. Waraka wa kutenga rafu ya asidi ya traneksamiki mbali na dawa za ganzi, katika kila hospitali na kituo cha afya kinachopasua, unaweza kusainiwa wiki hii.

Wako katika utumishi wa umma,

Muuguzi wa ganzi na usingizi