Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2020

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa heshima. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na katibu ataeleza jinsi korona ilivyotufungia milango katikati ya Machi. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo lililotugawa wiki chache kabla ya hapo, kwa sababu wengine wenu hamkuwepo na mmelisikia kwa mafungu.

Rais mstaafu Daniel arap Moi alifariki tarehe 4 Februari. Serikali ikatangaza maombolezo ya kitaifa, bendera ikashushwa nusu mlingoti, na chuo kikafungua kitabu cha rambirambi. Siku ya pili nikatia sahihi barua ya rambirambi kwa jina la chama hiki cha wahadhiri wastaafu. Kamati haikuketi. Niliichukulia kuwa adabu ya kawaida ya msiba. Nilikosea, na nawaomba radhi.

Barua ilibandikwa ubaoni, karibu na mlango wa ofisi yetu. Kufikia adhuhuri mzee wetu mmoja, mwalimu wa historia, alikuwa ameibandua. Hakuichana. Aliikunja mara nne, akaniwekea mezani na kuniuliza kwa sauti ya chini: “Mwenyekiti, na mimi nimo humu?”

Waliokuwepo mwaka 1982 wanajua alichouliza. Hata kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wameanza kukamatwa na serikali ya Moi. Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6. Willy Mutunga na Al-Amin Mazrui wakawekwa kizuizini. Baada ya jaribio lile chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alihukumiwa miaka 10 na hakutoka; alifia gerezani mwaka 1988. Chama cha wafanyakazi wa chuo kilipigwa marufuku mwaka 1980, na UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, haikupata usajili hadi 2003, Moi alipokwisha kuondoka Ikulu. Kwa hiyo wengi wetu tulifundisha miaka yetu bora bila haki ya kukaa pamoja kama tulivyokaa leo. Nami nikatumia jina la kukaa huku kumwombolezea yeye, bila kumuuliza mtu.

Lakini kuna mama yetu mmoja, mzaliwa wa Baringo, nyumbani kwa Moi, ambaye machozi yake niliyaona pia. Kabla ya kufika chuoni alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyewagawia watoto maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Moi shuleni, kwa mkono wake. Anakumbuka waliokuja shule kwa ajili ya pakiti ile tu, kisha wakabaki kusoma. Moi alichukua nchi yenye chuo kikuu kimoja cha umma, akaiacha na sita. “Mnataka nimlilie mafichoni?” alituuliza.

Kulikuwa na waliosema maiti hasemwi, tunyamaze, yapite. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Miaka ile tulinyamazishwa vya kutosha, na aliyepotewa na ndugu Nyayo House, jengo la Nairobi walikoteswa wafungwa wa siasa, hawezi kuambiwa leo kwamba kumtaja ndugu yake ni utovu wa adabu. Wala sikubaliani na aliyemwita mama yule msaliti. Neno hilo liliniuma, na nimefurahi kwamba aliyelitamka alimfuata nyumbani kwake kumwomba msamaha.

Mwisho wa Februari tulikutana, karibu saa nne nzima. Tulikubaliana barua iondolewe jina la chama. Aliyetaka kuomboleza aandike rambirambi kwa jina lake, na anayetaka kusimulia yaliyompata aandikiwe na katibu, neno kwa neno. Masimulizi manne yamekwisha kuandikwa. Korona ilikatiza mengine, na waliobaki ni wazee, kwa hiyo naomba kazi hii ianze tena mwezi huu, hata kwa simu.

Naleta pia pendekezo la kurekebisha katiba: rambirambi au pongezi yoyote kwa kiongozi wa siasa isitoke kwa jina la chama bila idhini ya mkutano wa wanachama. Mwenyekiti asiwe na uwezo huo, awe mimi au atakayenifuata. Barua ile nimeihifadhi kwenye faili, na mikunjo yake minne. Anayetaka kuiona kabla ya kupiga kura, katibu anayo hapa mbele.