Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa memba wote wa umoja wa nyumba za likizo

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote. Mikutano ya robo mwaka tumefanya yote 4, kalenda ya pamoja ya bukingi inafanya kazi, wasafishaji wamepewa mafunzo, watu wa bima tumeongea nao na bado tunaongea, mahesabu yapo kwa mweka hazina anayetaka akayaone. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Niende kwenye lile linalozunguka kwenye grupu tangu katikati ya mwaka, eti pesa za picha zimeliwa. Hakuna pesa iliyoliwa. Fungu lililotengwa kwa ajili ya mpiga picha na droni, apige picha za nyumba zetu za kuweka kwenye matangazo, lilihamishiwa kwenye vyombo vya jikoni na kengele za usalama, zile zinazolia kukiwa na gesi ya sumu ndani, na lilihamishwa kwenye mkutano halali, uliotangazwa wiki 2 kabla, akidi ikatimia kwa mbinde tukiwa tumeshachelewa kuanza, muhtasari upo na umesainiwa. Wengi wanaolalamika leo siku hiyo hawakuja. Wengine walituma kidole gumba kwenye grupu wakadhani ndo mahudhurio. Mimi nilikuwepo na hoja zangu nilikuwa nimeziandika, kwa hiyo naziweka hapa tena maana naona hazikuwafikia.

Anayetaka kuhudumiwa anaenda hotelini. Huyu anayechukua nyumba ya kujipikia amekuja na watoto, pengine na wazazi wake, anataka ale muda anaotaka, afue nguo zake, alale bila mtu kumgongea mlango. Picha itamleta, sikatai hata kidogo. Lakini akishafungua mlango, giza limeingia, watoto wana njaa, hapo hatafuti tena mandhari, anatafuta kisu kinachokata. Maoni ya wageni wa nyumba zetu zote nimeyasoma mwenyewe mwaka mzima, hakuna aliyenituma, na malalamiko ni yale yale: kisu butu, kikaango kimechubuka kila kitu kinagandia, sufuria kubwa hakuna, kopo lipo kifunguzi hakuna, ubao wa kukatia hakuna kwa hiyo mtu kakatia kwenye meza na sasa mwenye nyumba analia na meza yake. Nyumba imetangazwa ya watu 6 na sahani ni 6 kamili, vijiko 5, yaani kila mlo lazima uanze na kuosha vyombo vya mlo uliopita! Sahani na vikombe viwe mara mbili ya idadi ya wageni, hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Na weka chumvi, mafuta kidogo, sabuni ya vyombo, sponji mpya na karatasi za chooni za kutosha usiku wa kwanza, aliyefika amechoka hatatoka tena kutafuta duka.

Mnasema picha ndo zinaleta nyota, yaani alama wanazotupa wageni. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, inamuuliza mgeni mambo 6, usafi, ukweli wa tangazo, kuingia ndani ya nyumba, mawasiliano, eneo, na kama alichopata kinalingana na alicholipa. Hakuna nyota ya picha hapo. Kuna nyota ya ukweli wa tangazo, na picha ya droni ya nyumba ambayo jikoni kwake hakupikiki ndo inayokuangusha kwenye ukweli. Anayetaka kuwa Superhost kwao, yaani mwenyeji wa daraja la juu, anahitaji wastani wa 4.8, awe anajibu asilimia 90 ya meseji mpya ndani ya masaa 24, na bukingi anazozifuta yeye ziwe chini ya asilimia 1. Hizo namba hazifikiwi kwa kamera.

Vitanda nilivigusa pia siku ile na kuna memba walikasirika. Kitanda cha futi 4 ni kama sentimita 122, ukilaza watu wazima 2 kila mmoja anabaki na sentimita 61, na magodoro mengi ya vitanda vya watoto wachanga yana upana wa sentimita 60. Halafu tunaandika kinatosha wawili. Andika upana wa kitanda kwenye tangazo, na kama wa sita analala kwenye kochi sema ni kochi, mgeni ataamua mwenyewe kabla hajalipa na hatakuwa na neno.

Kengele ndo zilizochukua sehemu kubwa ya pesa, na hapa sirudi nyuma hata mkinitoa kwenye kiti. Gesi ya mtungi inawekewa harufu makusudi ili ikivuja uisikie. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo kengele hizi ndo zinaigundua, haina harufu wala rangi, na inatoka kwenye hita ya gesi isiyopata hewa ya kutosha, jiko la mkaa lililoingizwa ndani, jenereta iliyowekwa karibu na dirisha. Mgeni kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, anadhani ni uchovu wa safari, anajilaza na haamki. Mtu kakabidhiwa nyumba ambayo haijui, hajui hita ni ya miaka mingapi, ametuamini sisi na watoto wake wamelala chumba cha pili. Mimi siwezi kupanga picha mbele ya hilo. Kengele hizi nazo zina mwisho wake, nyingi ni kati ya miaka 5 na 10, tarehe imeandikwa kwenye kengele yenyewe, basi msizifunge mkasahau, na naomba yule memba aliyeitoa kwa sababu inaharibu muonekano wa ukuta airudishe.

Mengine hayahitaji hata pesa ya umoja. Paswedi ya waifai ibandikwe mahali inapoonekana, maelezo ya kufika yatumwe mapema yakiwa na picha ya geti, soketi iwepo karibu na kitanda, namna ya kuwasha jiko iandikwe, takataka zinapelekwa wapi iandikwe. Mgeni hataki kukupigia simu usiku, na wewe hutaki kupigiwa.

Sasa mahudhurio na ada, jambo linaloniumiza kweli. Zaidi ya nusu ya memba hawajamaliza ada ya mwaka, na wamo waliochukua vyombo na kengele zilizonunuliwa kwa ada za wenzao. Mkutano wa mwisho tulikuwa kamati na watu wachache, viti vimejaa ukumbini vitupu, na kesho yake meseji za kupinga zikaanza kumiminika kwenye grupu. Uamuzi unabadilishwa kwa kuja na kunyoosha mkono. Simu yangu na vocha yangu ndo vimebeba umoja huu mwaka mzima na sijadai kurudishiwa chochote.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kutafuta bei ya jumla ya mashuka na magodoro, kuangalia vifaa vya huduma ya kwanza kwa kila nyumba, na picha pia tutazifikiria fungu likituna. Mweka hazina anapokea ada mpaka mwisho wa mwezi na risiti anazo. Ambao hawajachukua kengele zao waje wazichukue, zimekaa tu.