Kijana Ambaye Hakuulizwa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Mama na wadogo zangu mkiwa wazima wa afya; mimi huku sijambo, na masomo ya falsafa ya maadili yanaendelea. Swali lako limenikaa kichwani tangu nilipolisoma: ikiwa kila mwanafalsafa ana nadharia yake na kila nadharia ina jibu lake, mtu aliyebanwa na uamuzi mgumu anafaidika nini kwa kuzijua zote? Ule mfano wa gari la reli lililokatika breki, ambalo ukiliacha litaua watano na ukiligeuza litaua mmoja, uliuita mchezo wa watu walioshiba, nami sikubishii sana. Mwanafalsafa Philippa Foot alipouandika mwaka 1967 alikuwa akichunguza suala la utoaji mimba, na gari lile lilimsaidia kupima hoja moja tu. Waliomfuata ndio waliolifanya fumbo la kuchangamsha madarasa. Leo nakuletea mkasa uliotokea kweli na ukafika mahakamani.

Mwaka 1884 chombo cha matanga kiitwacho Mignonette kilikuwa safarini kutoka Southampton, Uingereza, kwenda Sydney, Australia, kikiwa na watu wanne: nahodha Tom Dudley, mabaharia Edwin Stephens na Edmund Brooks, na kijana wa miaka 17, Richard Parker, ambaye alikuwa yatima. Tarehe 5 Julai kilizama katika Atlantiki ya Kusini, nao wakabaki ndani ya mashua ndogo wakiwa na makopo mawili ya mboga za mizizi, bila tone la maji ya kunywa. Walimkamata kasa mmoja, wakamla hadi akaisha. Baada ya karibu wiki tatu Parker, aliyekuwa amekunywa maji ya bahari, alikuwa amelala chini ya mashua hajiwezi. Dudley, kwa kuafikiana na Stephens, alimuua kwa kisu. Brooks hakuafiki, lakini alikula pamoja nao. Tarehe 29 Julai meli ya Kijerumani ikawaokoa. Walipofika Uingereza walisimulia yote bila kuficha, kwa kuamini kwamba desturi ya mabaharia, ya kumla mwenzao njaa inapowazidi, ingewakinga. Haikuwakinga: Dudley na Stephens walitiwa hatiani kwa mauaji na kuhukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi 6.

Ukimpa Jeremy Bentham mkasa huu, yeye aliyeandika mwaka 1789 kwamba kitendo hupimwa kwa raha na maumivu kinayoyaleta, hesabu inaelekea kujifunga yenyewe: watatu wanapona, wawili kati yao wana wake na watoto wanaowangoja, na anayekufa alikuwa tayari mahututi. Nadharia hii wengi huibeza upesi kuliko inavyostahili, kwani ndani yake maumivu ya maskini yana uzito uleule wa maumivu ya tajiri. John Stuart Mill, aliyeitetea miaka ya 1860, angepanua hesabu na kuuliza ni kijana gani angethubutu tena kupanda chombo ikijulikana kwamba mnyonge ndiye akiba ya chakula. Hata hivyo, kinachonitatiza ni mkono unaoshika mizani. Waliopima thamani ya uhai wa Parker ni walewale waliokuwa na njaa, na Jaji Coleridge, aliyetoa hukumu ya kesi hiyo, aliligusa jambo hilo hasa alipouliza ni nani atakayepima uhai wa huyu dhidi ya uhai wa yule, na kwa kipimo gani: nguvu, akili, au kitu gani?

Immanuel Kant hana haja ya mizani. Mwaka 1785 aliandika kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kutimizia malengo ya wengine, na sijui mfano ulio wazi kuliko mtu kugeuzwa chakula. Hapa nakaa upande wake bila kusita. Siwezi kukaa naye, lakini, katika ile insha ya mwaka 1797 aliyomjibu mwandishi Benjamin Constant, anaposhikilia kwamba hata muuaji akibisha mlangoni kumtafuta rafiki yako uliyemficha, huna haki ya kumdanganya. Mtu anayelinda usafi wa ulimi wake kwa gharama ya shingo ya mwenzake ananipa shaka.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwataja mabaharia wanaotupa shehena baharini wakati wa tufani: hakuna atupaye mali yake kwa kupenda, lakini mwenye akili timamu atafanya hivyo ili waliomo wapone. Kisha anaongeza kwamba yapo matendo ambayo ni afadhali mtu afe kwa mateso kuliko kuyatenda. Parker hakuwa shehena.

Mwanafalsafa aliyenivuta zaidi ni W. D. Ross, aliyeandika mwaka 1930 kwamba wajibu wetu ni wa namna nyingi: kutimiza ahadi, kusema kweli, kufidia tuliowadhuru, kuwasaidia wengine, kutodhuru, na hakuna kanuni moja inayoupanga wote kwa ngazi. Wajibu mmoja ukishindwa na mwingine haufi, unabaki kuwa deni. Ukivunja ahadi ili umkimbize majeruhi hospitali, umefanya sawa, lakini aliyekungoja bado anakudai. Ndiyo maana hukumu ile ya kifo iliyogeuka miezi 6 hainishangazi kama inavyowashangaza wenzangu darasani: sheria ilikataa kusema kwamba hapakuwa na kosa, wala haikujifanya kutoiona njaa.

Kuna jambo dogo katika kumbukumbu za kesi ambalo kwangu lina uzito kuliko nadharia zote nilizotaja. Dudley aliwahi kupendekeza ipigwe kura kuamua nani afe. Brooks akakataa, na pendekezo lenyewe halikufikishwa kwa kijana. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Parker alinyongwa na haki yake hakupewa, hata ile ya kuulizwa.

Sasa nije kwa lile ulilolitaja mwishoni mwa barua yako, la rafiki yako aliyekuapisha usiwaambie wanawe kuhusu ugonjwa wake, ilhali unawaona wakipanga mambo makubwa kana kwamba baba yao ana miaka mingi mbele. Bentham angekuhimiza useme, Kant angekukataza kudanganya bila kukulazimisha kutangaza, na Aristotle angekutazama wewe na urafiki wenu. Kwa heshima zote, Baba, kabla ya kupima lolote naona urudi kwake yeye mwenyewe. Alikuapisha siku ambayo wanawe walikuwa bado hawajaanza mipango hiyo, na huenda hajui wanachokaribia kukifanya. Mweleze ulichokiona, umwambie waziwazi kwamba siri hiyo inakulemea, na umpe nafasi ya kuwaambia kwa kinywa chake. Akikataa baada ya kuyajua yote hayo, ningeitunza siri, maana ugonjwa ni wake. Lakini siku wanawe watakapojua na kukuuliza kama ulikuwa na habari, usikane, na hasira yao uipokee bila kujitetea, kwa sababu watakuwa na haki ya kukudai.

Niandikie atakavyokujibu. Mama mpe shikamoo yangu, na wadogo zangu uwasalimie sana.

Mwanao akupendaye