Kwa mdogo wangu aliyeko Uswidi

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu yangu huipokei, na ujumbe unausoma usijibu. Yale mahojiano yako na gazeti la huko nimeyaona, nimeletewa pamoja na tafsiri yake. Picha nzuri, mashallah, umesimama katikati ya wale wasichana wadogo unaowafundisha hoki ya barafu, filimbi shingoni. Nilifurahi mpaka nilipofika pale uliposema kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kukushika mkono.

Hapakuwa na mtu?

Uwanja wa barafu wa Panari, hapa Nairobi, ulipofunguliwa mwaka 2005, watu wa South B waliulizana ni barafu gani hiyo inayokaa Barabara ya Mombasa na jua hili. Wewe ulikuwa mdogo. Ulipofika umri wa kuomba vitu, uliomba viatu vya makali vya kutelezea barafuni, na Baba hakuuliza mtoto wa kike wa Kiislamu anakwenda kufanya nini huko. Alikupeleka. Jumapili baada ya Jumapili alikaa pembeni na kabuti lake la kijivu, gazeti mkononi, baridi inamtafuna, huku Ami akimsema msikitini. Viatu vyako mwenyewe vya kwanza, si vile vya kukodi, vilitoka kwenye mshahara wangu. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwa sababu umesema hapakuwa na mtu.

Mama aliogopa, ni kweli. Na bado anaogopa, hasa tangu asikie kwamba ligi kuu ya wanawake ya huko iliruhusu kugongana kwa miili kuanzia msimu wa 2022. Lakini kuogopa si kukukataa. Nani alikushonea ile kofia ya kitambaa chembamba ya kuvaa chini ya helmeti, ili usilazimike kuchagua kati ya mchezo na stara yako?

Labda mimi ndiye uliyenikusudia. Basi nijibu. Nilikuambia usiweke maisha yako yote kwenye fimbo, nawe ukaninunia mwezi mzima. Ligi ya wanawake ya Kanada ilivunjika mwaka 2019, na kati ya waliobaki bila timu alikuwemo Marie-Philip Poulin, aliyekuwa ameshafunga mabao ya ushindi katika fainali mbili za Olimpiki, 2010 na 2014. Kama Poulin anaweza kuamka asubuhi hana ligi, wewe uliyejifunza kwenye uwanja usiofika ukubwa wa kimataifa ungeshika nini? Ndiyo maana nilikusukuma uchukue vyeti vya ukocha. Leo unacheza daraja la chini, na kodi ya nyumba inalipwa na ukocha. Gazetini umesema njia hiyo uliiona mwenyewe. Sawa. Ila mtu aliyekuonyesha njia usimwite kizuizi.

Na mambo ya mchezo wako nayafuata, hata kama hudhani. Najua ligi mpya ya wanawake ya Amerika Kaskazini ilianza Januari 1, 2024, na kwamba Aprili ya mwaka huo huo watu 21,105 walijaa Montreal kutazama wanawake. Najua mshahara wa chini ulianzia dola 35,000 kwa msimu. Nakesha, natazama, nakutafuta katika kila anayekimbia kwa kujipinda kama wewe. Ile pinda ya ghafla uliipata Panari, kwa kuwa ukuta ulikuwa karibu. Makocha wa huko wanakusifia, nimeona.

Septemba 2024, Kenya ilipokubaliwa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, Baba ndiye aliyeniita kwa sauti kutoka chumbani. Ugonjwa ulikuwa umeshamkalia. Akasema, "Sasa atarudi atufundishie watoto." Hilo sikuwahi kukuambia.

Siku ya maziko ya Baba sikulaumu. Sisi huzika upesi, na kutoka huko usingewahi hata ungekuwa na mabawa. Lakini arobaini uliahidi. Tulikungoja. Mama alikutandikia kitanda, akamkataza mtoto yeyote asikikalie. Ukapiga simu hitma ikiwa inakaribia dua, nikamshikia Mama simu pale ukumbini, wanawake wote wamejaa mkekani. Nyuma yako tukaona makabati na wenzako wanafunga viatu, muziki juu. Ulikuwa umeshavaa kinga za mabegani. Mama akakuuliza, "Uko wapi, mwanangu?" Ukasema, "Mama, nina mechi, kocha ananiita, nimetuma pesa." Picha ikakatika. Mama alibaki ameikazia macho ile simu, na mimi nimeishika, sijui niishushe au niendelee kuinyanyua. Shangazi akaanza kusoma Yasin kwa sauti ya juu ili watu wasimtazame.

Pesa zilifika. Zilinunua mchele na mbuzi. Mama hakula.

Wewe unajua jinsi hoki inavyochezwa: mtu anakimbia chini ya dakika moja, kisha anaruka ukuta kupumzika na mwenzake anaingia. Mimi tangu Baba aanze kuugua sijabadilishwa. Hospitali ni mimi, dawa ni mimi, usiku wa mwisho ni mimi. Sikukuita urudi, kwa sababu mkataba wako ulikuwa mwembamba na kibali cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba. Nilikulinda. Ungeniuliza, ningekuambia hata siku ile ya mechi nilikuwa nimeshawaambia wageni umekosa ndege.

Sitaki uache. Naomba usikie hilo. Ukiacha sasa, yale makabuti na baridi ya Baba yote yatakuwa yamekwenda bure, na wale wasichana uliopiga nao picha watapoteza kocha mzuri. Vaa vizuri, goti lile la kushoto lipimwe, usifiche maumivu kwa kuogopa kuachwa nje ya kikosi. Na mkataba mpya usiutie saini kabla ya kuusoma wote.

Lakini lile gazeti lipigie simu. Waambie uwanja unaitwa Panari na mtu aliyekupeleka alikuwa baba yako. Waandike na jina lake, herufi zote. Kisha mpigie Mama, si siku ya mechi. Msimu ukiisha Machi, kitanda chako kipo, na kaburi nitakupeleka mimi.

Dada yako