Dawa za Asili za Majeraha Zielezwe kwa Ukamilifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kauli ambayo huambatana na sifa za dawa za mitishamba za majeraha makubwa, kwamba "zimethibitishwa kisayansi". Kauli hiyo haimsaidii mgonjwa mpaka aelezwe ni jeraha la aina gani lililotibiwa, dawa iliandaliwaje na ililinganishwa na nini.

Asali ina hoja nzito. Sukari yake nyingi hufyonza maji ambayo bakteria huyahitaji, ina asidi, na kimeng'enya kinachotoka kwa nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo inapochanganyika na majimaji ya kidonda. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyopenya unene wote wa ngozi hupona siku 4 hadi 5 mapema yakifungwa kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa vidonda vingine vingi, ushahidi ulikuwa hafifu. Tena asali ya tiba husafishwa kwa mionzi ya gama, kwa sababu ile ya mzingani inaweza kubeba spora za bakteria, yaani chembe zao sugu zinazoweza kuamka baadaye.

Papai nalo lina papaini, kimeng'enya ambacho huyeyusha nyama iliyokufa. Hata hivyo, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za kupaka zenye papaini, ambazo hazikuwa zimeidhinishwa, ziondolewe sokoni kutokana na taarifa za mzio mkali.

Linalonitia hofu zaidi ni jeraha la kuchomwa na kitu chenye ncha kali, lile lenye mdomo mdogo na kina kirefu, linapozibwa kwa majani yaliyopondwa pamoja na udongo wake, au kwa samadi. Bakteria wa pepopunda hukaa humo humo, kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hustawi pasipo hewa. Maumivu yakitulia, nyumba nzima huamini dawa imefanya kazi, kumbe taya huanza kukaza siku kadhaa baadaye. Jeraha hilo linahitaji kuoshwa vizuri na kupelekwa hospitali mapema, ambako mgonjwa atachomwa chanjo ikibidi.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kila linapochapisha habari za dawa ya asili, lieleze pia iwapo ilijaribiwa kwa wagonjwa au maabara tu, maana utomvu unaoua bakteria katika kisahani unaweza kuua pia chembe hai za ngozi inayojaribu kuota upya.

Msomaji wako