Mkono wangu una talaka?

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri, hata adhana bado. Sijalala tangu Alhamisi. Nakuandikia kwa simu nikiwa jikoni ili mwanga usimwamshe mume wangu.

Alhamisi ilikuwa hina ya mwana wa dadangu. Hina, singo, udi, mahamri ya watu mia mbili, vyote vimetoka mfukoni mwangu. Sisimangi, nasema ujue. Nimesimama nimfukize bibi harusi, dadangu akaja akanipokonya chetezo mkononi. “Wewe kaa. Mkono wako una talaka.” Wanawake wakacheka. Kaa la moto likaanguka likanitoboa leso. Mamangu alikuwa papo hapo na hakusema neno.

Ni kweli mimi ni wakili wa kesi za ndoa na watoto, mwaka wa 14 huu. Lakini sijampa mtu talaka mimi. Mtu akipanda ngazi za ofisi yangu ndoa imeshakufa, mimi ni mwosha tu. (Methali unayotaka kunijibu naijua.) Wiki hii hii nilikuwa Tononoka, mahakama ya watoto hapa Mombasa, na mama wa watoto watatu ambaye baba yao hajatoa hata shilingi ya unga tangu Ramadhani. Nilimhoji yule bwana kizimbani mpaka akazitaja kwa mdomo wake tuktuk mbili alizoapa hana. Amri ya matunzo ikatoka. Siku hiyo mkono wangu ulikuwa na nini?

Sikatai, mwaka jana nilisimama upande wa baba, nikamsomea mama wa watu jumbe zake za simu mbele ya hakimu. Ni kazi. Yule mama anakaa mtaa mmoja na dadangu, labda ndiyo sababu. Lakini mbele ya watu, Shangazi? Chetezo?

Sitaki kuombwa radhi. Harusini kesho siendi. Ila hajanipigia simu mpaka sasa, na basi la kuwabeba kina mama nimelilipa mimi, sasa sijui wanategemea nipande au nisipande.

Kuna jambo jingine, dogo. Jana nikitafuta karatasi za bima ya gari kwenye droo ya mume wangu nikakuta bahasha ya kaki. Risiti. Saruji, mabati, vigae, fundi wa bomba, zote za nyumba yetu ya Utange, zimepangwa kwa tarehe tangu 2017. Zilizofifia amezitolea nakala. Ni za alivyonunua yeye tu.

Na aliyemfundisha ni mimi. Januari 2023, Mahakama ya Juu iliposema kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali, kila mmoja athibitishe mchango wake, nilimweleza mezani tukila samaki. Nikamwambia ndiyo maana wateja wangu nawahimiza kila siku, wekeni risiti. Nikaongeza kwamba kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hata kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango. Akaniuliza, “Kulea kuna risiti?” Tukacheka sana.

Kiwanja kiko kwa jina lake. Mimi nilikuwa wa karo na chakula. Risiti ya dagaa nani huweka?

Pengine ni mpangilio wake tu, maana huweka hata za petroli. Na hajabadilika, chai ya asubuhi bado ananipikia. Kumuuliza siwezi, kwa sababu nikianza nitamuuliza kama shahidi, na alishaniambia hapa si mahakamani. Lakini yeye na shemeji yangu, mume wa dadangu, ni maswahiba, hawafichani kitu. Sasa nakesha nikiisikia ile kauli ya dadangu, na sijui tena kama talaka aliyoisema ilikuwa ya wateja.

Basi niambie, harusini niende au nisiende? Bahasha nimeirudisha kama ilivyokuwa. Kwanza nilizipiga picha zote, moja moja. Tangu saa saba usiku natafuta zangu humu kwenye makabati, na mpaka sasa nimepata mbili, ya pazia na ya sinki.

Mwanao wa Tudor, Mombasa